Mkwe Alisukuma Pikipiki Hadi Homa Bay

Wenzangu wa kikundi cha Suna, pale sokoni mlinivamia wote kwa pamoja, hata sikujua nimjibu nani kwanza. Mmoja anauliza nililala wapi, mwingine nilikula nini, mwingine ameshanishika goti kama mtu anayetaka kununua mbuzi. Basi nimekaa nikaandika. Msome, halafu mniache nifanye kazi. Ninaandika Kiswahili kwa sababu kikundi chetu kina Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Bi Mwanaisha wa duka la vitambaa, na sitaki mtu aseme hakuelewa.

Goti

Mnajua nilianguka shambani mwaka jana. Niliteleza na mtungi wa maji, goti la kushoto likapinda, nikalala katikati ya mihogo tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Jirani alikuja kwa sababu alisikia ng'ombe wangu akilia kiu. Mimi sikupiga kelele. Nilidhani nitainuka. Hilo ndilo kosa ambalo Odhiambo, kifungua mimba wangu, hajanisamehe mpaka leo.

Alikuja kutoka Nakuru, akaizunguka nyumba, akachungulia jikoni, akasema, "Mama, chumba chako kiko tayari. Kina vigae."

Nikamuuliza vigae nitavifanyia nini.

Akasema ng'ombe atauzwa, nyumba itafungwa kufuli, nami nitaenda kukaa na wajukuu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole, na mtoto wako mtu mzima akikuambia jambo kwa upole, ni vigumu kumfukuza.

Mimi niliona kitu kimoja tu: jiko langu bila moto. Baba yao amezikwa pale nje, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Nani atakuwa anampitia asubuhi? Nikaomba niachwe mpaka mavuno. Akakubali. Hapo ndipo nilipoanza kutembea, na nyinyi mkaanza kucheka.

Siku ya kwanza nilifika kwenye mashine ya kusaga, nikakaa juu ya gunia la mtu kama mgonjwa. Siku hizo umbali ulikuwa unakaa ndani ya goti. Sikuwa naona barabara, nilikuwa naona goti tu. Kila siku niliongeza kidogo: mashine ya kusaga, kisha kanisani, kisha daraja la mto Migori, kisha darajani na kurudi mara mbili. Niliondoka saa kumi na moja alfajiri, nikirudi ninakamua. Mwezi wa pili umbali ulitoka kwenye goti ukapanda kifuani, nikawa ninahema kama jogoo aliyekimbizwa. Mwezi wa nne ukaingia kichwani. Miguu inaenda, lakini kichwa kinalalamika, "Kwani bado?" Halafu asubuhi moja nikavuka daraja, nikafika mbele huko, nikageuka, na nilikuwa sijakumbuka mwili wangu hata mara moja. Umbali ulikuwa umerudi mahali pake, barabarani. Nikajua niko tayari.

Mavuno yalipofika Odhiambo akapiga simu. Nikaiweka sauti ya juu ili binti yangu Akinyi, aliyekuwa amenitembelea kutoka Rongo, awe shahidi.

"Nitaenda kwa dada yangu Monika, Homa Bay, kwa miguu," nikamwambia. "Nikifika, usinitajie tena vigae. Nikipanda kitu chenye gurudumu, hata baiskeli, hata mkokoteni, njoo na kufuli lako."

"Mama. Homa Bay?"

"Wewe umesikia vizuri."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, sawa." Alisema sawa kwa sababu alijua nitafika Uriri niombe gari.

Suna hadi Awendo

Niliondoka kukipambazuka. Nilikuwa na akala zangu za tairi, fimbo, leso mbili, maji, na nyoyo kwenye kopo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula ambacho hakiharibiki na hakimdanganyi mtu tumbo.

Barabara hii nimeipita maisha yangu yote, na ninawaambia sikuwa naijua. Hata nilipoolewa nililetwa Suna juu ya lori la mahindi. Kwa gari, Suna hadi Awendo ni usingizi mmoja. Ukisinzia ukiamka umefika. Kwa miguu kuna vilima ambavyo gari halijawahi kuniambia viko. Kuna mahali udongo unabadilika rangi katikati ya shamba la mtu. Harufu ya miwa inakupokea mapema kabla hujaona muwa hata mmoja.

Nilikuwa nimepita Uriri, jua limeanza kuuma, ndipo wanawake watatu waliokuwa wakiuza viazi vitamu kando ya barabara wakanisimamisha. Walinitazama leso iliyofungwa kiunoni, fimbo, uso wangu huu mnaoujua, na miguu yenye vumbi. Mmoja akashika mashavu.

"Uwi, mama! Pole sana. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyetuacha."

"Hakuna mtu amekufa," nikasema.

Wakatazamana. Yule mkubwa akatikisa kichwa polepole. "Uchungu umemzidi. Hawezi hata kutamka." Kabla sijafungua mdomo tena, wa tatu akaweka mikono kichwani akaanza kulia kwa sauti, kilio kizuri kabisa cha matanga, na watu wakatoka kwenye miwa kuja kuangalia.

Nikagonga fimbo chini. "Nyamaza! Ninatembea tu. Ninaenda Homa Bay kwa dada yangu, na yuko hai, anakula kuliko mimi."

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. "Unatembea tu?"

"Ninatembea tu."

"Na magari yapo?"

"Yapo."

Sasa ndipo walipoogopa kweli. Msiba wangeukubali, lakini mwanamke mzee anayetembea bila msiba waliona ni ugonjwa. Hata hivyo walinipa viazi viwili vya moto, na yule aliyelia akanisindikiza mpaka kona ya mbele, ananitazama kwa pembeni kuona kama nitaanza kuongea peke yangu. Tulipoagana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mtu akianza, anaanza na mwendo gani?" Nikamwambia aanze na mahali anapokwenda kusaga.

Awendo niliingia jua likiwa linaelekea kulala. Nililala kwa mwanamke tuliyeimba naye kwaya zamani. Alinikanda miguu na maji ya chumvi, akanipa omena, dagaa wa ziwani, na ugali, nikalala kabla sijamaliza kuomba.

Awendo hadi Rongo

Siku ya pili mwili ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ndiyo ilikuwa ndefu kuliko safari yote. Lakini nilikuwa nimejifunza darajani Migori kwamba mwili wa asubuhi ni mwongo, hausikilizwi mpaka umetembea muda. Nikaukaripia tukaondoka.

Malori ya miwa yalinipita yakinipaka vumbi. Mizigo imezidi, miwa inaning'inia, na kila kilima kinaangusha mmoja au miwili. Niliokota mmoja, nikautafuna njia nzima. Rongo nilifika kabla watu hawajamaliza chakula cha mchana.

Sasa Bi Mwanaisha, hapa nisikilize, kwa sababu ndipo shida ilipoanza. Akinyi ameolewa Rongo. Sisi Wajaluo mama mkwe anaitwa maro, na maro na mume wa bintiye ni watu wa heshima kali. Silali chini ya paa lake. Hatuli meza moja. Hatugusani, hata mkono hatupeani. Akikutana nami njiani anatoka kwenye njia, mimi ninatazama pembeni. Hata jina lake sitaliandika hapa. Tunapendana vizuri sana, kutoka mbali.

Akinyi aliniletea chakula kwa jirani yake, na huko ndiko nilikolala. Alileta pia raba mpya, nyeupe, za kamba. "Mama, utaniaibisha na hizo akala. Vaa hizi kesho." Alikuwa ameandaa kwa moyo, macho yanang'aa. Nikasema sawa. Miezi yote ya mazoezi nilitembea na akala, na siku ngumu kuliko zote nikavaa viatu vipya ili nimfurahishe mtoto. Aliyezeeka bila akili ni mimi.

Rongo hadi Rodi

Nilikuwa nimeacha mji nyuma, nikisikia tayari kisigino cha kulia kinachomeka, ndipo pikipiki ikaja nyuma yangu ikapunguza mwendo. Ikasimama ng'ambo ile ya barabara. Alikuwa mkwe. Yeye ni bodaboda, hiyo pikipiki ndiyo shamba lake.

Akavua helmeti, akatazama chini. "Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, baba."

"Shemeji Odhiambo amepiga simu. Amesema nikubebe mpaka Homa Bay. Amesema ni lazima."

Nikaitazama pikipiki. Naye akaitazama. Tukatazama sote wawili kile kiti cha nyuma, mahali abiria anapokaa akimshika dereva kiuno. Nikaona masikio ya mkwe yanabadilika rangi.

Odhiambo! Amekaa Nakuru mpaka amesahau. Amemtuma mtu mmoja tu katika Kenya nzima ambaye hawezi kunibeba!

"Naweza kumwita mwenzangu akubebe," mkwe akasema.

"Mwite. Nitamfukuza na fimbo hii."

Akaigeuza helmeti mikononi. "Basi mimi nifanye nini, Mama? Nikirudi, Akinyi ataniuliza nimekuacha wapi. Nikikutangulia, nitakupaka vumbi. Nikikufuata nyuma na injini, nitakuwa kama ninachunga ng'ombe."

"Kama huwezi kwenda na huwezi kurudi," nikamwambia, "sukuma."

Akasukuma. Mimi upande wangu wa barabara, yeye upande wake, pikipiki katikati ya mikono yake kama ndama mkaidi. Bodaboda wenzake walipita wakipiga honi. "Mafuta imeisha?" Yeye anasukuma tu. Mama mmoja kwenye kibanda cha ndizi akamfokea, "Wewe kijana, huna haya? Una pikipiki na mzee anatembea!" Mkwe akajibu neno moja tu, "Maro." Yule mama akafunga mdomo, akamchagulia ndizi mbili, akampa bure. "Pole, baba. Vumilia."

Nilicheka mwenyewe ndani ya leso. Lakini kisigino hakikucheka. Kila kilima raba zilizidi kunila. Ikafika ile hali niliyoisahau, umbali ukarudi mwilini. Barabara ikapotea kabisa, nikawa ninaona kisigino tu, na nyuma yake goti likaamka, likaniambia, unanikumbuka?

Kwenye daraja dogo la mtaro nilikaa nikavua viatu. Soksi ilikuwa na damu. Nikajifunga kipande cha leso, nikavaa akala zangu, nikajaribu kuinuka. Goti likakataa. Nikajaribu na fimbo, ikateleza kwenye kokoto. Nikajaribu mara ya tatu, nikarudi chini kwa kishindo.

Wenzangu, hapo ndipo nilipoona mihogo. Niliona yale majani juu ya uso wangu na jua katikati yake. Nikasikia kufuli likifungwa.

Pikapu ya kubeba samaki ikasimama. Dereva akatoa kichwa. "Nyanya, panda mbele hapa, ninashuka Homa Bay moja kwa moja." Mlango ukafunguliwa. Kiti kilikuwa na mto. Ninasema ukweli, mto ule niliutazama. Nikafungua mdomo, na sijui ni neno gani lilikuwa linakuja.

Nikamtazama mkwe. Alikuwa ng'ambo, ameegesha pikipiki, mikono inaning'inia. Angekuwa mtu mwingine yeyote angekuja aniinue kwa kwapa. Hakuweza. Akaangalia huku na kule kutafuta mwanamke wa kunishika, hakuna mtu, ni miwa tu. Ghafla akaingia kwenye shamba, nikasikia kitu kikivunjika, akatoka na muwa mrefu, mnene, wenye majani bado. Akavuka mpaka katikati ya barabara. Akageuza uso pembeni, kwa heshima, akanyoosha ule muwa kuelekea kwangu.

"Shika, Mama."

Nikashika ncha moja. Yeye akashika nyingine, akarudi nyuma polepole kama mtu anayevuta maji kisimani. Nikainuka. Goti likalia, halafu likanyamaza. Nikasimama.

"Asante," nikamwambia dereva wa samaki. "Nenda, samaki wasioze."

Sikuuachia ule muwa mara moja. Tulitembea hivyo kipande kizima, yeye akisukuma pikipiki kwa mkono mmoja, ncha ya muwa kwa mwingine, mimi nyuma yake upande, nimeshika majani. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwenye shamba, kama unasoma hii, muwa wako mmoja ninao mimi.

Rodi Kopany tulifika jua limelegea, ng'ombe wa mnada wameshapelekwa. Tuliingia hoteli ya Bi Rukia, mama wa Kiislamu kutoka upande wa Mombasa. Mimi nikakaa ndani, nikaagiza chai na mahamri. Mkwe akakaa nje kwenye benchi, amenipa mgongo. Bi Rukia akatutazama akaona jambo baya. Akatoka nje, mikono kiunoni.

"Kijana, huyu mama amefika kwangu anachechemea, nawe una chombo cha moto. Sasa hata kula naye hutaki? Amekukosea nini mzazi wako? Ingia ndani umwombe radhi."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi? Kiburi hicho!"

Nikamwita Bi Rukia. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, Bi Mwanaisha. Alisikiliza mpaka kwenye muwa. Akakaa chini. Akauliza, "Amesukuma tangu Rongo?" Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni, akamtolea mkwe sahani ya pilau yenye nyama ya watu wawili, akaiweka mbele yake, akarudi kwangu akasema, "Dada, mimi mkwe wangu ananiomba simu kila wiki." Usiku huo nililala chumbani kwake, akanipaka mafuta ya nazi kisiginoni. Mkwe alilala kwa rafiki zake wa stendi.

Rodi hadi Homa Bay

Kipande cha mwisho ni kifupi, na ninataka kuwaambia kilivyokuwa, kwa sababu ndicho kilichonilipa. Niliamka nikangoja mwili useme uongo wake wa asubuhi. Haukusema. Goti lilikuwa kimya. Akala zilikuwa zangu.

Ziwa lilitokea kwanza, jeupe, limelala. Halafu mlima Asego, mlima wa utoto wangu, umechongoka kama kifuniko cha chungu. Unautazama, unatembea, unautazama tena, haujasogea. Unatembea mpaka unakasirika. Unaacha kuutazama kwa hasira, unainua macho, uko juu yako. Kwa gari sijawahi kuona mlima ukifanya hivyo.

Nikaongeza mwendo. Barabara inateremka, na kwenye mteremko pikipiki ni nzito kuliko kwenye kilima, unaishikilia isikimbie. Nikasikia nyuma yangu sauti ikiniomba ningoje, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, "Mama! Mama, ngoja kidogo!"

Nikageuka. Mkwe alikuwa mbali, ameinama juu ya usukani, jasho linadondoka kwenye tangi. Kijana wa miaka thelathini na kitu.

"Pumzika, baba," nikamwambia. "Nitakungoja."

Nikamngoja. Sikukaa chini. Nilisimama.

Tulifika kwa Monika saa ya chai. Dada yangu alikuwa anaparua samaki aina ya ngege uani. Akaniona, kisu kikaanguka. "Gari limewaacha wapi?"

"Suna," nikasema.

Tukampigia Odhiambo, sauti ya juu. Akasema, "Mama, uko wapi sasa, Rongo?" Monika akapiga kelele kwenye simu kwamba niko uani kwake nimesimama kwenye magamba ya samaki. Akauliza, "Na hukupanda kitu? Hata kidogo?"

"Usiniulize mimi. Muulize uliyemtuma."

Mkwe alikuwa kwenye lango, hajaingia. Akasema kutoka pale, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Shemeji, mguu wake haukugusa gurudumu. Mimi nimesukuma pikipiki kutoka Rongo, na leo ameniacha nyuma. Ukitaka kumpeleka Nakuru, njoo umfukuze wewe mwenyewe. Hutamshika."

 Nikasikia mwanangu anapumua kwa kukatikakatika. Nilijua alikuwa analia na hataki nisikie, kwa hivyo sikusikia.

"Mama," akasema, "kufuli nilikuwa nimeshanunua."

"Lilete. Mlango wa zizi la ng'ombe haufungi vizuri."

Tulikula ngege wa mchuzi. Mkwe alikula nyuma ya nyumba, na safari hii mimi ndiye niliyempelekea sahani. Niliiweka juu ya kiti, nikarudi nyuma, naye akaja akaichukua.

Kurudi

Nilirudi kwa gari. Mimi si mjinga. Nililala njia yote, sikuona kilima hata kimoja. Nikafika, nikampitia mzee wangu pale nje, nikafungua mlango, nikawasha moto.

Ule muwa nilikuja nao. Umeegemea ukutani jikoni, umekauka, na asiuguse mtu.

Hayo ndiyo yote. Mwenye swali jingine anikute barabarani saa kumi na moja, upande wa daraja. Mimi sisimami. Utauliza tukiwa tunatembea.